Mbio za ramani na dira: ushauri kwa anayetaka kuandaa za kwanza

Mtu akinipigia simu kwamba wanataka kuandaa mbio za ramani na dira, huanza kunieleza habari za fulana, medali na spika. Mimi humkatiza: ramani mnayo? Huu si mchezo wa mbio tu. Mshiriki anapewa ramani yenye vituo vilivyochorwa, avifikie kwa mpangilio, na njia ya kutoka kituo hadi kituo ajichagulie mwenyewe. Ramani ikiwa ya uongo, hakuna mashindano hapo.

Kwa walio Nairobi, msitu wa Karura ni mahali pazuri pa kuanzia. Una zaidi ya hekta 1,000, njia zake zinapitika, na makutano ya njia yamewekewa nambari, kwa hiyo hata mgeni hapotei sana. Barua ya kuomba kibali ipelekwe mapema kwa KFS, shirika la serikali la misitu, na kwa jamii inayosaidia kuutunza msitu. Epukeni mvua za masika, na hata za vuli ikiwezekana. Siafu wakishaanza kuvuka njia, utawaona washiriki wako wakivua viatu katikati ya mashindano.

Picha za setilaiti haziwezi kukuonyesha kilicho chini ya miti. Anza na data ya OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo huru kwa wote, uiingize kwenye programu ya OpenOrienteering Mapper, ambayo ni ya bure, kisha uende msituni ukasahihishe kwa miguu. Chapa kwa skeli ya 1:10,000: sentimita moja ni mita mia, hata mtoto wa shule anaipigia hesabu kichwani. Halafu waeleze watu rangi kabla hawajaondoka, maana zinawachanganya. Nyeupe kwenye ramani hizi si uwanja. Ni msitu unaoweza kukimbia ndani yake. Uwanja ni manjano. Kijani ni kichaka, na kadiri kinavyokolea ndivyo utakavyochanika miguu.

Jambo la dira wengi hawalijui. Mchezo huu ulizaliwa Skandinavia (Norway ilikuwa na mashindano ya wazi tangu 1897), na dira nyingi nzuri zimesawazishwa kwa ajili ya huko kaskazini, ambako sumaku ya dunia huivuta ncha ya kaskazini ya sindano kuelekea chini. Ukiileta dira kama hiyo huku karibu na ikweta, ncha ya kusini inainama, sindano inagusa kioo na kukwama. Unaigeuza, unaitikisa, inakuonyesha ulikotoka. Kabla ya kununua, muulize muuzaji imesawazishwa kwa ukanda gani, au chukua ile ya kutumika dunia nzima.

Sasa vituo, na hapa ndipo penye kazi. Kituo kiwe kwenye kitu ambacho kipo ardhini na kipo kwenye ramani: kichuguu kikubwa, kona ya kijito, makutano ya vijia, shimo la machimbo ya zamani. Usikifiche. Anayefika mahali sahihi akaanza kupekua majani hashindani tena, anatafuta yai la kuku. Bendera ya kukionyesha kituo fundi cherehani atakushonea: pande tatu za mraba wa sentimita 30, nusu nyeupe na nusu ya rangi ya machungwa. Siku chache kabla, funga utepe mdogo kila mahali patakapokuwa na kituo, kisha umpe ramani mtu ambaye hakushiriki kupanga, aende peke yake. Akikwama, usimfundishe, hamisha kituo. Bendera zenyewe zitundikwe asubuhi ya siku hiyo, kila moja na kikaratasi cha kueleza ni ya nini na itatolewa saa ngapi. La sivyo wapita njia wataziokota.

Mashine za kielektroniki za kurekodi nani amefika kituoni ziache kwanza. Funga kalamu ya nta ya rangi tofauti kwenye kila kituo, washiriki wachore kwenye kadi zao. Wageni wapewe mzunguko wa kilomita mbili au tatu, zikipimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo; kwa miguu watazidisha sana, na kituo cha kwanza kiwe rahisi mno. Waondoke kwa kupishana dakika mbili ili wasifuatane kama kondoo.

Kadi iwe na kipande cha kukatwa kinachobaki kwa anayewaanzisha washiriki. Aliyemaliza na aliyekata tamaa, wote wapite mezani, na kipande chao kitolewe kwenye rundo. Saa ya kufunga ikifika, kipande kilichobaki ni mtu aliye msituni, na kazi zote zinasimama hadi aonekane. Anayekwenda nyumbani kimyakimya atawafanya mzunguke na tochi hadi usiku, kwa hiyo mseme hili kwa ukali kabla ya kuanza. Kila mmoja abebe filimbi. Karura ina uzio: aliyepotea aufuate hadi langoni, ila asiuguse kwa sababu una umeme.

Matokeo yabandikeni mapema hata kama ni ya kalamu. Watu hawaondoki kabla ya kubishana nani alipita wapi na kwa nini. Na bendera? Wapeni wakimbiaji wenye kasi wazikusanye, kila mmoja vituo viwili. Hao huwa hawajachoka, na bado wanatafuta sababu ya kurudi msituni.