Mimba iliyotoka, mtoto asiyebatizwa na ufufuo: jibu kwa dada wa Moshi

Dada, pole sana na msiba huu. Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: dada ameeleza kwamba mimba yake ya miezi mitano imetoka. Yeye amelelewa Roma, mumewe ni msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na mama mkwe anasema mtoto asiye na jina wala ubatizo hana ufufuo, kwa hiyo hakuna haja ya kusumbua mchungaji. Anauliza kama mtoto atafufuliwa, atafufuliwa akiwa na umbo gani, na kama ana haki ya kuomba ibada ya mazishi.

Nimesoma majibu yote ya juu. Mengi yamechanganya ufufuo na wokovu, na mkanganyiko huo ndio unaowaumiza akina mama. Ufufuo ni wa wafu wote. Yohana 5:28-29 inasema wote waliomo makaburini watatoka, na Matendo 24:15 inataja wenye haki na wasio haki pia. Katika Imani ya Nikea, ile inayosomwa kwa Waroma, Waanglikana na Walutheri, tunakiri ufufuo wa wafu, bila kuongeza "waliobatizwa". Kwa hiyo kauli ya mama mkwe haina msingi hata katika makanisa yanayokazia ubatizo kuliko mengine. Mtoto huyu akihesabiwa kuwa ni mtu aliyekufa, basi yumo katika wafu, na wafu watafufuliwa.

Swali hili liliulizwa zamani sana. Augustino wa Hippo, askofu na mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 430, aliulizwa juu ya mimba zilizoharibika. Kwa zile ambazo hazijapata umbo hakuthubutu kukata neno. Lakini akasema kwamba mtu akishaanza kuishi anaweza kufa, na akishakufa, popote alipofia, haoni ni kwa sababu gani atengwe na ufufuo. Angalieni hapa: huyu ndiye Augustino aliyekuwa mkali kupita kiasi juu ya watoto wasiobatizwa, hata akasema wana hukumu, japo iliyo nyepesi kuliko zote. Pamoja na ukali huo hakuwanyima ufufuo. Alijua ni maswali mawili.

Mtoto wa miezi mitano ana vidole, ana masikio, na mama ameshamsikia akicheza. Wasiwasi wa Augustino ulihusu kisichokuwa na umbo. Huyu wako hayumo kabisa katika wasiwasi huo. Na Zaburi 139:16 inasema macho ya Mungu yalimwona mtu kabla hajakamilika. Luka 1:41-44 inamwonyesha Yohana akiruka kwa shangwe tumboni mwa Elisabeti, mimba ikiwa na takriban miezi sita, kwa sababu malaika alikwisha kumwambia Mariamu kwamba huo ni mwezi wa sita.

Sasa wokovu. Hapo makanisa yanatofautiana, na ni haki yako kuambiwa tofauti zenyewe badala ya kufarijiwa kijumlajumla.

Roma kwanza, kwa kuwa ndiko hofu yako ilikotoka. Wazee wengi huku Kilimanjaro walifundishwa limbo, yaani mahali pa watoto wasiobatizwa, pasipo mateso lakini pasipo kumwona Mungu uso kwa uso. Lilikuwa fundisho la wanateolojia wa karne za kati, likaingia katika katekisimu za watu, ila halikuwahi kutangazwa kuwa sehemu ya imani inayomlazimu kila mkatoliki. Katekisimu ya sasa, kifungu cha 1261, hailitaji. Inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu na kurejea maneno ya Yesu "waacheni watoto wadogo waje kwangu". Kifungu cha 1257 kinasema Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, ya Vatikani, ilitoa hati yake juu ya jambo hili, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ikasema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba wanaokolewa. Ni tumaini, hati haikusema ni uhakika, na pia haikulifuta limbo kama wazo ambalo mtu anaweza kuwa nalo. Nasisitiza hili kwa sababu humu kuna aliyeandika "Papa amefuta limbo". Ukimpelekea paroko kauli hiyo atakusahihisha, nawe utarudi nyumbani umevunjika moyo bila sababu.

Tena kila tarehe 28 Desemba Roma wanaadhimisha Watoto Mashahidi, wale wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Hakuna aliyewabatiza, na Kanisa linawaita watakatifu. Mkumbushe hilo yeyote atakayekwambia kwamba bila maji mlango umefungwa.

Upande wa KKKT, mumeo ana hazina ambayo hata washarika wengi hawaijui. Mwaka 1542 Martin Luther aliandika maneno mafupi ya faraja kwa wanawake ambao mimba zao zimeharibika, yakachapwa pamoja na ufafanuzi wa Zaburi ya 29 wa mchungaji mwenzake, Bugenhagen. Hoja yake ni kwamba mama Mkristo aliyetamani mtoto wake abatizwe amekwisha kuomba, hata kama hakutamka neno; kuugua kwake moyoni ni sala, kwa Warumi 8:26, na Mungu huihesabu. Alionya pia kwamba akina mama hao wasitishwe wala kulaumiwa kana kwamba ni uzembe wao. Ni kweli Ungamo la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, ibara ya 9, linafundisha kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu, na mtu akikurushia ibara hiyo usishtuke: Walutheri husema kinachohukumu ni kuudharau ubatizo, siyo kuukosa kwa kuwa mauti yalitangulia. Mtoto wako hakunyimwa kwa dharau ya mtu yeyote.

Wapentekoste na Wabaptisti njia yao ni fupi. Hawabatizi watoto wachanga, na wengi wao hufundisha kwamba asiyejua mema na mabaya hahesabiwi hatia, wakitumia Kumbukumbu la Torati 1:39. Wasabato wanasema mtoto amelala mpaka siku ya ufufuo, na Ellen White, mmoja wa waanzilishi wao, aliandika kwamba malaika watawabeba watoto wadogo hadi mikononi mwa mama zao.

Kuhusu umbo: Augustino alifundisha kwamba mtoto mchanga hatafufuka na kamwili kale kale, kwa kazi ya Mungu ya ajabu na ya ghafla atapewa mwili ambao angeufikia kwa miaka. Thomas wa Aquino, mwanateolojia wa Roma wa karne ya 13, alishika njia hiyohiyo: wote watafufuka katika umri wa ujana uliokamilika, akitegemea Waefeso 4:13. Wasabato wanaona tofauti, kwamba mtu hutoka kaburini na kimo alichozikwa nacho, kisha anakua, na huleta Malaki 4:2. Biblia yenyewe haitaji kimo. Paulo katika 1 Wakorintho 15:37-38 anatoa mfano wa mbegu: kinachopandwa ni chembe tupu, na Mungu huipa mwili apendavyo. Kwa hiyo udogo wa ulichokiona hospitali si kipimo cha atakayefufuliwa.

Aya za kutumia kwa tahadhari. 2 Samweli 12:23, "Mimi nitakwenda kwake", ni nzuri sana, na wengi huhesabu kwamba mtoto yule wa Daudi alikufa siku ya saba, kabla ya tohara ya siku ya nane, kwa hiyo alikuwa katika hali inayofanana na ya asiyebatizwa. Lakini alikuwa amezaliwa, basi usiibebeshe aya hiyo peke yake mzigo wote. Ufunuo 20:12, "wakubwa kwa wadogo", watu huitumia kwa vichanga, ilhali inasema juu ya vyeo. Ayubu 3:16 na Mhubiri 6:3-5 zinaitaja mimba iliyoharibika, na kuna wahubiri wanaozisoma kama ushahidi kwamba hakuna kitu. Zisome zote mbili kwa utulivu: ni maombolezo ya watu waliochoka na dunia wakitamani pumziko, hazifundishi lolote juu ya kiyama.

Ibada. Kwa Roma, sheria ya Kanisa namba 1183 fungu la 2 inamruhusu askofu wa mahali kukubali mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Zipo sala maalumu kwa ajili yake katika kitabu cha mazishi. Mweleze paroko, au katekista amfikishie, maneno haya tu: "Tulikusudia kumbatiza." Kusudi hilo ndilo linaloangaliwa. Kwa KKKT nendeni wote wawili kwa mchungaji wa usharika kabla ya kuzika. Mkimwendea baada ya wazee kuzika kimya kimya migombani, mtapata maombi ya faraja nyumbani, na hiyo pia ni halali. Wanaokataliwa mara nyingi ni wale waliosema "tunaomba ubatizo wa marehemu". Hapo mtakataliwa kote, kwa sababu sakramenti ni za walio hai. Ombeni mazishi na baraka, msiombe ubatizo.

Kuhusu mwili, msemeshe muuguzi wa zamu mapema, kabla hamjaruhusiwa kutoka, kwamba familia itamchukua mtoto. Mkinyamaza, mimba iliyotoka kabla ya wiki 28 inaweza kuhesabiwa pamoja na kondo na kutupwa katika shimo la kondo la hospitali, na baada ya hapo hakuna wa kurudisha. Ulizeni pia kama mtahitaji kibali cha mazishi. Nyumbani mfunge kwa kitambaa safi, kisanduku kidogo cha mbao kinatosha, shimo liende chini futi tatu au zaidi ili mbwa wasifukue, na liwe mbali na mfereji. Isale, ule mmea wa asili wa Wachagga, juu ya kaburi inafaa sana, maana mgomba utakatwa na uzio utahama, isale itabaki ikionyesha mahali. Jina mpeni, hakuna kanisa linalokataza.

Wauguzi na wakunga mnaosoma hapa, hili ni lenu. Mtoto akitoka akiwa bado anapumua au moyo unapiga, hata wa miezi mitano, na wazazi wakataka ubatizo, yeyote kati yenu anaweza kumbatiza kwa dharura, akikusudia kufanya lile Kanisa linalofanya. Maji safi ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Mmiminie kichwani mara tatu huku ukisema "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", kisha mkaushe hapohapo, maana njiti hupoteza joto haraka mno. Anayemimina ndiye asemaye; msigawane. Maji lazima yatiririke kwenye ngozi, kupangusa kwa pamba yenye unyevu kunaleta mashaka, na mafuta hayafai kabisa. Kama hamna hakika kwamba yu hai, Roma huanza kwa kusema "Kama uko hai". Andikeni jina, saa na aliyebatiza, karatasi apewe baba aipeleke parokiani au usharikani. Akipona hatabatizwa tena. Atapelekwa kanisani kukamilisha ibada zilizobaki na kuandikwa kwenye daftari.

Dada, kwa mama mkwe usianze na Augustino. Mwombe mumeo amsomee Yohana 5:28 kwa sauti, halafu amuulize ni wapi imeandikwa kwamba wadogo wamebakizwa. Na Novemba 2, siku Roma wanapowaombea marehemu wote, andika jina la mtoto kwenye bahasha ya nia za Misa kama yalivyo majina mengine ya ukoo wenu.