Vazi la matembezi la enzi za Victoria: anza na gagulo

Ukitaja enzi za Victoria, wengi huwaza gauni la dansi: hariri, mabega wazi, mkia unaoburura sakafuni. Mimi napenda nguo za kutokea nje: sketi ya sufu, blauzi ya kola iliyosimama, koti la kubana kiuno, kofia ya mabua. Naishi kaskazini mwa Uingereza, mvua hainyeshi kwa msimu huku, na nguo hizi navaa nikipanda vilima na kukanyaga tope. Kwa hiyo nitakayosema yanahusu nguo ya kutumika. Ya kupigia picha tu ina njia zake za mkato.

Chagua mwaka kwanza. Victoria alitawala tangu 1837 hadi 1901, na katika muda huo mitindo iligeuka mara nyingi. Miaka ya 1860 sketi ilibebwa na krinolini, yaani tenga la pete za chuma. Katikati ya miaka ya 1880 nguo ilitokeza nyuma juu ya makalio kwa fremu au mto. Anayeanza namshauri achukue miaka ya kati ya 1893 na 1897. Sketi ya wakati huo haina fremu: ni paneli tano au saba, mbele bapa, nyuma marinda mazito, kiunoni imelala na chini imemwagika. Tena wanawake walikuwa wanatoka sana. Baiskeli ya John Kemp Starley, ya kwanza kufanana na za leo na kupata soko kubwa, ilitengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1885, tairi la upepo la Dunlop likaja 1888, na sketi za mitaani zikaanza kupanda kutoka ardhini. Ukitaka kuona ufundi wa juu kabisa, tafuta picha za kazi za Redfern, washonaji walioanzia Cowes, mji wa mashua kusini mwa Uingereza, kwa kuwashonea mabibi nguo za kwenye mashua.

Sasa gagulo, yaani sketi ya ndani. Najua unatamani kukata sufu leo, lakini vumilia. Shumizi, kozeti, gagulo: hivyo vinashonwa kwanza, unavivaa, ndipo unachukua futi na kujipima. Vipimo vya juu ya sidiria ya kisasa havitakufaa kitu. Kozeti, yaani vazi gumu la kubana kiwiliwili, haihitaji kukukaba. Kazi yake kubwa ni kubeba uzito wa sketi usikukate kiunoni. Kama huna mifupa ya chuma, yaani vijiti vya kuipa kozeti ugumu, zile kamba pana za plastiki za kufungia nyaya zinafanya kazi vizuri. Gagulo liwe la pamba ngumu, na pindoni liwe na ukanda wa marinda. Bila hilo, sufu inaingia katikati ya miguu na utakuwa unaipiga mateke kila hatua.

Shona sketi ya jaribio kwa kitambaa rahisi cha pamba, yaani marekani. Ivae na viatu utakavyotembelea, panda ngazi, chuchumaa, inua mikono. Sketi iishie kama sentimita 5 juu ya ardhi.

Kitambaa: sufu ya uzito wa kati. Mimi nanunua vipande vya mabaki sokoni, maana huku Bradford na Huddersfield ndiko sufu ya Waingereza ilikofumwa. Ukiwa Mombasa au Dar, tumia kitani au kaki nzito bila wasiwasi. Mabibi wa Kiingereza nao walivaa kitani na pamba nzito wakati wa kiangazi. Poliesta siipendi. Haisikii pasi, na ushonaji huu karibu wote ni pasi.

Kila paneli ya sufu ilaze juu ya paneli ya bitana ya pamba ya umbo lile lile, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kuzunguka, kisha shona vyote viwili kama kitambaa kimoja. Hapo ndipo sketi inapata mwili. Pindoni, kwa ndani, weka ukanda wa kanvasi wa upana wa sentimita 15 hadi 20, halafu uufunike. Na kwenye ukingo kabisa shona utepe mgumu wa sufu unaochungulia milimita mbili tatu chini ya sketi. Huo utepe ndio unaosuguana na mawe na kunywa tope. Ukichakaa unaung'oa na kushona mwingine, sketi inabaki nzima. Ushone kwa mkono. Cherehani itauficha ndani ya mshono na utalia siku ya kuubadilisha.

Mfuko uingie kwenye mshono wa nyuma, mrefu hadi simu izame. Zipu iache, kwa nguo ilikuja karne ya 20. Tumia kulabu na vitanzi.

Koti liache mpaka sketi ikamilike. Blauzi na mkanda wa ngozi vinatosha kukutoa nje, na picha za wakati huo zimejaa wanawake waliovaa hivyo hivyo. Utakapolifikia, kumbuka kwamba mikono ilifikia upana wake mkubwa kabisa kama mwaka 1895, kwenye koti na kwenye blauzi pia. Jipime ukiwa na blauzi mwilini, maana furushi lote lile la mkono wa blauzi lazima lipite kwenye kwapa la koti.