Kufunga begi la Mlima Kenya: anzia kwenye sufuria

Anayepanda kwa njia ya Sirimon kwa mara ya kwanza na kujibebea mzigo siku nne, mara nyingi huanza kupanga nguo. Afadhali aanze na chakula, maana ndicho kinachoamua gesi na vyombo vya kubeba.

Kambi ya Shipton, iliyo kwenye njia hiyo, iko kwenye mita 4,200 hivi. Huko maji huchemka yakiwa na nyuzijoto kama 86, kwa hiyo githeri (mahindi na maharagwe) haitaiva hata umalize gesi yote, na mchele nao husumbua. Beba oti, tambi za dakika mbili na unga wa uji. Chapati za nyumbani zinakaa siku mbili bila shida kwenye baridi ile. Mchana usipike kabisa: karanga, tende na siagi ya karanga zinatosha. Pima gramu 600 hadi 700 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku. Hamu ya kula hupotea huko juu, basi chagua unachokipenda kweli, hata kama ni biskuti. Mtungi wa gesi wa gramu 230 huwatosha watu wawili kupikia, mradi mfunike sufuria. Chukua na njiti za kiberiti, kwani kiberiti cha gesi hugoma kwenye baridi.

Maji yapo vijitoni, hivyo lita mbili mgongoni zinatosha. Yachemshe dakika tatu. Ukitumia dawa ya klorini, subiri zaidi ya nusu saa kwa sababu maji ni baridi mno. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020, kwa hiyo nunua ya chuma.

Jinzi iache nyumbani: ikilowa haikauki, na usiku barafu huganda. Flisi nzuri (sweta laini za kutunza joto) zipo mitumbani Gikomba na Toi, Nairobi. Tenga seti moja kavu ya kulalia tu.

Mfuko wa kulalia ukae chini ya begi. Chakula na jiko katikati, vikigusa mgongo, la sivyo begi litakuvuta nyuma kwenye kila mwinuko. Koti la mvua liwe juu kabisa. Kaza mkanda wa nyonga kwanza, ndipo ukaze ya mabegani.

Mwenye kilo 60 asizidishe kilo 12, maji yakiwemo. Mizani ikikataa, toa nguo kabla ya chakula, ila soksi usiziguse.