Kasoro inayosafisha moshi

Swali: Nafundisha kemia sekondari huku Mafinga. Nimesoma kwamba masega ya kwenye ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi wa gari, yana oksidi ya seriamu na zirikoniamu, na kwamba kichocheo hicho hufanya kazi kwa sababu fuwele zake zina kasoro. Wanafunzi wananibana: kasoro inakuwaje faida?

Jibu: Mwalimu, waulize kama wamewahi kupanda daladala ya Uyole kwenda Mwanjelwa asubuhi. Ikijaa hadi mlangoni, hakuna anayesogea. Akishuka mmoja, jirani anaingia nafasi yake, wa nyuma anamfuata, na ile nafasi inahama gari zima. Oksijeni hutembea hivyo ndani ya fuwele.

Katika oksidi ya seriamu iliyokamilika, kila seriamu imezungukwa na oksijeni 8. Oksijeni moja ikitoka, inaacha elektroni 2. Seriamu 2 zinazigawana, na chaji yao inashuka kutoka 4 hadi 3. Pengo linabaki, fuwele haibomoki. Unga wake ni wa manjano iliyopauka, lakini ukiupasha moto kwenye haidrojeni unageuka bluu nzito. Kila nikiuona, nasimama kuutazama.

Zirikoniamu ni ndogo zaidi, nusu kipenyo chake pikomita 84 dhidi ya 97 za seriamu. Haiwezi kuzishika oksijeni zote 8 kwa nguvu sawa. Baadhi zinalegea na kutoka kirahisi.

Sasa twende mlima Kitonga. Dereva akikanyaga mafuta ghafla, petroli inazidi hewa na monoksidi ya kaboni inaongezeka. Fuwele inatoa oksijeni kuigeuza kaboni dioksidi. Akiteremka kwa gia, mafuta yanakatwa, hewa tupu inapita ekzosi na mapengo yanajaa tena. Akiba hiyo ni ya sekunde chache tu, si ya mlima mzima.

Lakini si kila badiliko la fuwele linafaa. Injini inayokula oili hupeleka fosforasi kwenye masega. Seriamu inageuka fosfati na kukwama kwenye chaji 3, haitoi wala haipokei oksijeni. Ndiyo maana inaniuma fundi anapong'oa masega na kuyatupa, huku ringi za pistoni zilizochakaa akiziacha zilivyo.

Wakikuuliza seriamu hupatikana wapi, waonyeshe Ngualla, mkoani Songwe, kwenye ramani. Imo katika miamba ya pale.