Dhahabu na changarawe kwenye shamba moja: maji ya tope yatatulia wapi, na shimo litafukiwa na nini?

Ndugu yetu ameeleza kwamba ana shamba la urithi kando ya mto wilayani Chunya, lenye changarawe nzuri ya ujenzi, na kwamba vibarua wake wameona chenga za dhahabu kwenye karai walipoosha tabaka la chini. Anauliza aanzie wapi ili asije akasimamishwa kwa sababu ya mazingira. Nimefanya kazi ya namna hiyo katika wilaya hiyo hiyo kwa misimu sita, na msimu wa kwanza niliukosea vibaya, kwa hiyo naomba radhi kwa urefu wa jibu.

Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa raia wa Tanzania kwa miaka 7, na huombwa kwa kundi la madini. Dhahabu imo katika madini ya metali, ilhali changarawe na mchanga vimo katika madini ya ujenzi, kwa hiyo usidhani kwamba leseni ya dhahabu inakuruhusu kupakia tipa za changarawe. Mweleze Afisa Madini Mkazi tangu siku ya kwanza kwamba unakusudia vyote viwili. Kwa kuwa shamba ni la urithi, pata pia ridhaa ya maandishi ya ndugu zako wote mbele ya serikali ya kijiji, maana leseni inakupa haki ya madini lakini haifuti haki ya mwenye ardhi.

Kisha utatakiwa kuwasilisha mpango wa utunzaji wa mazingira kabla ya kuanza kuchimba, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Mpango wangu wa kwanza niliununua ukiwa umenakiliwa kutoka kwa mchimbaji wa mwamba. Ulieleza namna ya kuhifadhi baruti, ambayo sikuwahi kuitumia, na haukuwa na sentensi hata moja kuhusu tope. Kwa anayeosha changarawe, tope ndilo jambo lenyewe. Nilichimba bwawa moja tu la kupokea maji ya mwalo, yaani mfereji wa kuoshea changarawe unaonasa dhahabu, nikaliwekea tuta la udongo uliorundikwa bila kushindiliwa, na mvua kubwa ya Januari ikalibomoa usiku. Asubuhi nilikuta bustani za mboga za majirani wa chini zimefunikwa na utelezi wa rangi ya matofali, na kisima cha mchangani ambacho akina mama walichota maji kilikuwa kimejaa hadi mdomoni. Nililipa fidia, nikasimama kazi msimu uliobaki, na hadi leo nikikutana na mama mmoja wa pale huwa namwamkia kwa aibu.

Jaribu hili kabla ya kuchora bwawa lolote. Chukua maji yaliyotoka kuosha changarawe yako, yajaze kwenye chupa ya lita moja, uiweke mahali isipotikisika. Mchanga utakaa chini kabla hujamaliza kufunga kizibo, lakini kesho yake bado utaona ukungu wa udongo katika maji. Punje ya mfinyanzi yenye upana wa maikroni 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, huteremka takriban sentimita 30 tu kwa siku nzima, na ndiyo maana bwawa moja lenye kina kirefu na mlango mpana halikusaidii kitu. Mimi sasa natumia mabwawa matatu yanayofuatana: la kwanza dogo la kunasa mchanga, ambalo tunalizoa kila juma, na mawili mapana ya kutuliza, kisha pampu inayarudisha maji kwenye mwalo. Maji yanayozunguka hivyo hayana haja ya kurudi mtoni. Hata hivyo, kuyachota ni jambo la kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na ukitaka kuyatiririsha unahitaji kibali kingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za aina hii ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua kishawishi ni kikubwa, lakini mto huhama, na changarawe yenye dhahabu mara nyingi hulala kwenye mkondo wa zamani ambao leo ni shamba la mahindi. Pima mita hizo kwa kamba kutoka ukingo wa wakati wa mafuriko, uweke nguzo zilizopakwa rangi, ili hata dereva wa kijiko aliyefika jana asiwe na swali.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni hili la kufukia. Anayechimba dhahabu peke yake hurudisha shimoni karibu kila alichokitoa, lakini sisi wa changarawe tunauza kifusi chetu wenyewe. Kipande cha mita 20 kwa 50 chenye kina cha mita 4 ni mita za ujazo 4,000. Ukiuza nusu, hata udongo uliobaki ukivimba kidogo baada ya kuchimbuliwa, utabaki na shimo la kumzamisha mtoto. Kwa hiyo amua mapema ni sehemu gani ya changarawe haiuzwi, chimba kwa vipande, na kifusi cha kipande cha pili kiende kwenye shimo la kwanza. Udongo wa juu utengwe peke yake, maana ukiuchanganya na mawe hutavuna tena kitu pale.

Zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa chenga kisha huichoma ibaki dhahabu, naomba uiepuke kabisa kama unaweza kwa dhahabu ya namna hii. Karai na mkono wenye subira hutenga chenga nyingi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2020, na kuichoma zebaki hadharani au kwenye makazi ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe.

Ukipata nafasi, tuandikie urefu wa shamba kando ya mto, kina cha udongo wa juu, na umbali wa kisima kilicho karibu upande wa chini, nami nitakupangia mahali pa mabwawa kabla hujalipa ada yoyote.