Barua za Wasafiri: Makaburi ya Vita, Kona za Wundanyi na Watoto Walionuna

*Assalamu alaykum. Mume wangu amepanga twende Taita na Taveta likizo ya Agosti kwa gari letu, tuone makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilima cha Salaita, mapango ya mafuvu na vilele vya milima. Orodha yake ina sehemu saba kwa siku tatu. Watoto ni wanne, wa miaka 6, 9, 12 na 15, na wote wamenuna. Mkubwa kasema, "Mawe na makaburi hata Gede yapo." Nifanyeje?*
*Mama wa wanne, Maweni, Malindi*

Wa alaykumu salaam, mama. Mkubwa wako ana hoja, na hoja yake itawafaa. Kabla ya safari, wapelekeni Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, asubuhi moja kama jaribio. Si mbali na Malindi, na huko mtajua kila mtoto anadumu dakika ngapi kabla ya kuuliza habari za soda. Wakifika, msiwahutubie. Wapeni kazi: watafute kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 Miladia, wahesabu visima, kisha wasimame ndani ya jumba la mfalme na kukisia choo kilikuwa wapi. Watoto hupenda sana habari za vyoo vya wafalme. Ndizi ziacheni garini, maana kima wa pale hawana haya.

Sasa hiyo orodha. Sehemu saba kwa siku tatu ni kazi ya mkaguzi wa serikali, si ya mtoto wa miaka 6. Kiwango chetu ni kumbukumbu moja kwa siku, asubuhi, isiyozidi dakika 40 kwa walio chini ya miaka 10. Mchana uwe wa kula, kucheza na kulala. Ongezeni siku ya nne. Isipopatikana, chagueni Taita au Taveta, msizibebe zote mbili. Kwa mdogo wenu tungechukua Taita, kwa sababu baridi na ukungu tu kwa mtoto wa Malindi ni tamasha tosha.

Njia: msipite Mombasa. Foleni ya Mtwapa peke yake inaweza kuwala saa nzima, na watoto watachoka kabla safari haijaanza. Mkishavuka daraja la Kilifi, kateni Mavueni kwenda Kaloleni hadi Mariakani, kisha mshike barabara kuu ya Nairobi mpaka Voi. Hadi Wundanyi, mji wa milimani Taita, ni takriban kilomita 280. Ondokeni baada ya sala ya alfajiri, mfike kabla ya alasiri. Usiku barabara kuu ni ya malori, na upande wa Tsavo ndovu huvuka bila kuwasha taa. Njia ya Sala, inayokata ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, kwenye ramani inaonekana fupi. Ila ni ya vumbi, mwendo wa mbugani hauruhusiwi kuzidi kilomita 40 kwa saa, na kila kichwa hulipiwa kiingilio, tena kwa simu au kadi, si noti. Ichukueni ikiwa mnataka wanyama. Kwa kuwahi haifai.

Pumzikeni Makinon (Mackinnon Road), kabla ya Voi, kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah pale kando ya reli. Wasafiri wengi husimama hapo kuomba dua na kujinyoosha. Wasimulieni watoto kisa kinachosimuliwa, kwamba alikuwa mfanyakazi wa reli na karai lake la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Huyo wa miaka 9 atakuwa na maswali ya kutosha hadi Voi.

Mkiamua Taveta, Salaita ndiyo kumbukumbu inayowashika watoto kuliko zote, ingawa kwa macho ni kilima kidogo tu chenye miiba kando ya barabara. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, wengi wao wakiwa Waafrika Kusini waliokuwa wageni kabisa wa vita vya huku, lilikishambulia kilima hicho. Mizinga ikapiga kileleni, ambako mahandaki yalionekana wazi. Kumbe yale yalikuwa ya kuhadaa. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, miguuni pa kilima, yamefichwa vichakani. Washambuliaji walirudishwa nyuma, na Wabaluchi wa jeshi la India ndio waliowasitiri. Msiwape watoto jibu mapema. Wasimamisheni barabarani muwaulize: wewe ungejificha wapi? Karibu wote huonyesha kileleni. Hapo ndipo muwasimulie.

Wavae viatu vya kufunika, si ndara. Na sheria moja isiyo na mjadala: kipande chochote cha chuma kilicho ardhini hakiguswi wala kupigwa teke. Risasi au kombora la zamani bado linaweza kulipuka. Mkikiona kitu cha namna hiyo, wekeni alama mahali, ondokeni, mkawaarifu polisi.

Makaburini Taveta, wapeni wakubwa wawili kazi ya kutafuta mawe ya Februari na Machi 1916, waandike umri wa kila askari pale umri ulipoandikwa. Wa miaka 15 akikutana na wa miaka 19, atanyamaza mwenyewe. Kisha waulizeni: wapagazi wako wapi? Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibeba risasi na unga wa majeshi hayo, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hilo ni swali ambalo mtoto wa miaka 12 anaweza kubishana nalo njia nzima ya kurudi. Muacheni abishane.

Mapango ya mafuvu karibu na Wundanyi ni jambo jingine. Zamani Wataita walifukua fuvu la marehemu baada ya muda na kuliweka pangoni pamoja na ya wazee waliomtangulia. Pale ni mahali pa heshima, si maonyesho. Nendeni na mwenyeji, mzee akikubali. Msiguse, na picha iombewe ruhusa kwanza. Wa miaka 6 anaweza kubaki nje na mmoja wenu, hakuna atakachopoteza.

*Ndugu wahariri, sisi ni wa Lamu kisiwani. Watoto wangu hupanda jahazi kwenye kusi bila shida, lakini wakiingia gari Mokowe, hata Witu hatujafika, wawili wameshatapika. Sasa tunaalikwa Taita kwa ndugu, milima na kona. Yawezekana?*
*Baba wa Langoni, Lamu*

Yawezekana. Kwenye chombo watoto wako hutazama upeo wa bahari, na macho yanakubaliana na kile sikio la ndani linachohisi. Garini wanatazama simu au mgongo wa kiti: sikio linasema tunakwenda, macho yanasema tumetulia. Ugomvi huo ndio kichefuchefu. Dawa ya kwanza basi ni kiti. Wawili hao wakae safu ya mbele kabisa ya viti vya nyuma, katikati ikiwa kiti hicho kina mkanda wa bega, waone barabara kupitia kioo cha mbele. Safu ya mwisho ya gari kama Noah, juu ya ekseli, ni ya wasiotapika. Simu na vitabu vifungwe kuanzia Mwatate, ambako kona zinaanza, hadi Wundanyi.

Chakula: asubuhi ya safari msiwape mahamri na mbaazi za nazi. Mafuta hukaa tumboni. Mkate mkavu, ndizi, chai ya tangawizi isiyo na maziwa, kidogo kidogo. Tumbo tupu kabisa nalo hutapisha. Dirisha liwe wazi kidogo, na manukato ya gari yale ya kuning'iniza yatolewe. Simameni kila saa moja na nusu, watoto washuke na kutembea dakika 10. Dawa ya kuzuia kutapika hunywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Mtoto akishaanza kutapika umechelewa. Mwambie mfamasia umri na uzito wa kila mtoto. Promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, na kwa wakubwa huleta usingizi mzito. Bebeni chombo cha kutapikia chenye kifuniko kisichovuja, maji, kitambaa na nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto, viwe karibu na mkono. Vikiwekwa kwenye buti vitakuwa vimesahaulika wakati vinapohitajika.

Na sweta! Voi iko chini ya mita 600 na joto lake mnalijua, lakini Wundanyi inakaribia mita 1,400, na usiku wa Agosti kanzu na leso hazitoshi. Mtoto anayetetemeka hataki kuona chochote.

*Nina Noah otomatiki, miaka yote naendesha Malindi na Kilifi, tambarare. Fundi kaniambia gari ni zima. Kuna nini cha kuogopa Wundanyi?*
*Dereva wa Shella, Malindi*

Kupanda si tatizo kubwa. Kushuka ndiko kunakotupa watu. Dereva wa tambarare huacha gia kwenye D na kukanyaga breki mteremko mzima kurudi Mwatate. Pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, mapovu yanaingia kwenye mabomba, na kanyagio linazama bila kushika. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua, ya pili ni kanyagio laini. Fanya hivi: kabla mteremko haujaanza, zima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi) au shusha gia hadi 2, kwenye kona kali hadi L, uache injini iizuie gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, iachiwe ipoe, ikanyagwe tena. Ukisikia harufu, simama mahali salama nusu saa. Usimwagie maji magurudumu. Diski yenye moto hupinda au kupasuka.

Kabla ya kuondoka mwambie fundi apime unene wa pedi zote nne, si za mbele tu, na akuambie mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Yakizidi miaka miwili, yabadilishe, kwa sababu hufyonza unyevu, na pwani unyevu haukosekani. Rejeta nayo: wengi wetu hujaza maji ya kisima, na maji ya Malindi yana chumvi. Chumvi huganda ndani ya vijia vya rejeta. Tambarare hutaona kitu, mlimani na watu saba ndani sindano inapanda. Safisha mfumo, weka kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji safi. Sindano ikipanda njiani, zima AC, washa hita, punguza mwendo. Isipotii, simama, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe kabisa. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, na spea pia. Spea nyingi hupatikana hazina upepo siku zinapohitajika.

*Nina miaka 14. Nalazimishwa kwenda safari hii ya makaburi. Kuna njia ya kukwepa?*
*Asiyetaka, Malindi*

Hapana, mwanetu. Lakini kuna njia ya kujadiliana. Usiseme "sitaki", nenda kwa mzazi na masharti matatu. Sehemu moja kwa siku, na moja kati ya hizo uichague wewe. Shilingi zako za matumizi upewe mkononi siku ya kwanza, zikiisha usiombe tena. Na kazi ya ramani iwe yako: wewe ndiye unayemwambia dereva pa kukata Mavueni, muda uliobaki hadi Makinon, na saa ya kusimama. Wazazi wengi hukubali, maana hawapendi kuulizwa "tumefika?" kila dakika 5, na ukishika ramani wadogo zako watakuuliza wewe. Chaji simu usiku wa kuamkia safari, pakua ramani ukiwa na mtandao mzuri mjini, kwa sababu kwenye kona za mlimani mtandao hukatika. Na ukishindwa kabisa na makaburi, omba mpelekwe ziwa Chala, nje kidogo ya Taveta. Ni ziwa la volkano, kingo zake ni miamba mikali, kwa hiyo usitangulie kushuka peke yako.