Jibu: Redio mpya inasahau stesheni kila nikizima gari, na spika zinakoroma

Ndugu, usiirudishe redio dukani bado. Ikiwa inawaka vizuri ila inapoteza saa na stesheni ukitoa ufunguo, mara nyingi nyaya za njano na nyekundu za redio zimepishana. Wa njano unatakiwa kupata umeme wa betri muda wote, maana ndio unaotunza kumbukumbu. Mwekundu upate umeme ufunguo ukifunguliwa tu. Rangi za upande wa gari usiziamini, hasa gari la zamani lililokwisha kupita mikono ya mafundi wengi. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi iguse bodi (chuma cha gari), nyekundu iguse waya wa upande wa gari: unaosoma volti 12 hivi hata ufunguo ukiwa mfukoni, huo uunge na wa njano.

Hilo la spika kukoroma ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Baadhi ya magari ya zamani waya hasi wa spika uliungwa kwenye bodi, na redio za kisasa hazitaki hivyo kabisa; amplifaya ya ndani (kikuza sauti) inaweza kuungua. Chomoa hasi ya betri, tenganisha spika na redio, kisha weka mita kwenye sehemu inayolia nyaya zikigusana, upime kati ya waya wa spika na bodi. Mita ikilia, maana yake waya huo umeungana na bodi; pitisha nyaya mbili mpya kutoka redio hadi kila spika. Kufungua milango kunachosha, lakini fanya hivyo kabla hujaiwasha tena.